Othello Alijaza Ukumbi, Tuzo Zikampita: Tamthilia za Zamani Zinaporudi Broadway

Machi 2025, katika ukumbi wa Ethel Barrymore ulioko Barabara ya 47 jijini New York, kiti kimoja kiliuzwa hadi dola 921. Watu walilipa ili wamwone Denzel Washington akiwa Othello na Jake Gyllenhaal akiwa Iago, katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello. Katika wiki moja ya mwezi huo, kabla hata ya usiku rasmi wa uzinduzi, mauzo ya tiketi yalivuka dola milioni 2.8. Hakuna tamthilia isiyo ya muziki iliyokuwa imewahi kuingiza kiasi hicho kwa wiki moja Broadway, yaani katika kumbi kubwa za maonyesho za New York. Mei ilipoingia, yakatangazwa majina ya wanaowania Tuzo za Tony, tuzo kuu za Broadway. Othello haikutajwa popote. Hakutajwa Washington, hakutajwa Gyllenhaal, hakutajwa mwongozaji Kenny Leon, wala aliyebuni taa, wala aliyebuni maleba.

Kuna la kushangaza zaidi. Miezi michache kabla ya hapo, katika msimu uleule, ukumbi uleule wa Barrymore ulikuwa na tamthilia nyingine ya zamani, Our Town ya Thornton Wilder, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Aliyeiongoza ni huyohuyo Kenny Leon. Ilifunga pazia Januari 2025 bila kishindo cha mamilioni, na Mei ikawa miongoni mwa tamthilia nne zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Tamthilia Bora Iliyorudishwa Jukwaani. Ukumbi mmoja na mwongozaji mmoja ndani ya msimu mmoja: moja ikaitwa, nyingine ikaachwa mlangoni.

Wapo waliosema ni wivu, wapo waliosema wateuzi wa Tony wamechoshwa na nyota wa sinema wanaokuja Broadway kwa wiki chache na kuondoka na fungu la pesa. Mimi nadhani jibu liko kwingine, na ili kulifikia ni lazima tuifungue tuzo yenyewe tuone imeundwaje. Jina lake linatufanya tuamini kwamba inapima ukubwa wa tamthilia ya zamani. Sivyo. Othello ni kubwa kwa zaidi ya miaka 400 na haihitaji kamati yoyote kulithibitisha hilo. Kinachopimwa ni sababu ya kurudi: umerudi kutuambia nini leo?

Tuanze na wanaopima. Tuzo za Tony zilianza mwaka 1947, zikapewa jina la Antoinette Perry, mwigizaji na mwongozaji aliyefariki mwaka uliotangulia. Huendeshwa na taasisi mbili, American Theatre Wing na Broadway League. Zinahusu kumbi 41 tu, zote Manhattan, na kila ukumbi lazima uwe na viti 500 au zaidi. Ukiwa na onyesho zuri kuliko yote duniani lakini ukalipeleka Brooklyn, Tony haikuoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa A Streetcar Named Desire aliyoigiza Paul Mescal, iliyotwaa tuzo ya Olivier ya tamthilia bora iliyorudishwa jijini London mwaka 2023. Ilipovuka bahari mwaka 2025 ilitua katika jumba la Brooklyn Academy of Music, ng'ambo ya mto, na kwa hiyo haikuhesabiwa.

Ndani ya kumbi hizo 41, mchujo una milango miwili. Mlango wa kwanza unalindwa na kamati ya wateuzi, watu kadhaa wa fani ya maonyesho wanaoteuliwa kila msimu na kutakiwa kuona kila kitu. Hao ndio wanaotoa majina ya wawaniaji. Mlango wa pili ni wa wapiga kura, zaidi ya 800, wakiwemo waigizaji, waongozaji, watunzi, wabunifu, watayarishaji na wenye kumbi. Othello ilikwama mlango wa kwanza. Wale zaidi ya 800 hawakupewa hata nafasi ya kuifikiria. Na wateuzi hawana safu ya mauzo katika karatasi zao: aliyejaza ukumbi kwa dola 921 na aliyejaza nusu ya viti kwa wanafunzi wanaketi benchi moja.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kwamba vipengele vinahukumiwa kila kimoja peke yake. Tuzo ya tamthilia iliyorudishwa ni ya onyesho zima na hupokelewa na watayarishaji, wale waliotafuta mtaji na kubeba hasara endapo ingetokea. Tuzo ya mwigizaji ni ya mwigizaji. Mojawapo inaweza kuja bila nyingine. Washington mwenyewe ameipitia hali hii kwa namna tatu, kila mara akiwa na Kenny Leon.

Mwaka 2010 walirudisha Fences ya August Wilson katika ukumbi wa Cort. Washington akawa Troy Maxson, mzoa taka aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa besiboli wakati ambapo ligi kuu ilikuwa imewafungia milango weusi. Viola Davis akawa mkewe, Rose. Tamthilia ikashinda, Washington akashinda, Davis akashinda. Mwaka 2014 wakarudisha A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry. Onyesho likashinda, Leon akashinda tuzo ya mwongozaji, Sophie Okonedo akashinda ya mwigizaji msaidizi wa kike. Washington, ambaye jina lake ndilo lililouza tiketi, hakuteuliwa kabisa. Kisha 2025 wakaja na Othello, wakaondoka mikono mitupu.

Hapa sitaki mtu aseme Leon hapendwi na watu wa Tony. Kati ya 2010 na 2023 maonyesho manne aliyoyaongoza yalitwaa tuzo ya tamthilia bora iliyorudishwa: Fences, A Raisin in the Sun, A Soldier's Play na Topdog/Underdog. Kwa hiyo swali la Othello haliwezi kujibiwa kwa chuki wala kwa bahati mbaya. Wahakiki waliotoka ukumbini walikuwa na kauli zinazopingana, na lalamiko lililojirudia lilikuwa kwamba onyesho liliwekwa katika zama zinazokaribia kuja, likavishwa sare za kijeshi za kisasa, lakini halikueleza kwa nini. Waigizaji wawili wakubwa walisimama mbele ya maneno makubwa, na mtazamaji akaachwa atafute mwenyewe sababu ya wao kuwa pale.

Ya zamani ni ipi?

Neno kurudisha linahitaji ufafanuzi kwa sababu watu wengi huliona kama marudio ya kipindi cha redio, kitu kilekile kinachochezwa tena. Tamthilia inaporudishwa jukwaani kinachobaki ni maneno ya mtunzi tu. Mwongozaji ni mwingine, sura ni nyingine, jukwaa limejengwa upya. Mtunzi aliyepeleka kazi yake mara ya kwanza huwania tuzo ya Tamthilia Bora, ambayo ni ya kazi mpya. Ikirudi baada ya miaka, inahamia kipengele cha zilizorudishwa.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu unaanza pale kanuni zinaposema kwamba tamthilia inaweza kuhesabiwa kuwa ya zamani hata kama haijawahi kukanyaga Broadway, mradi kamati inayosimamia tuzo imeona kwamba imekwisha kuingia katika hazina ya tamthilia zinazojulikana na kuchezwa. Hapo ndipo mambo yalipojikunja katika miaka ya karibuni, na hapo ndipo ninapopenda kukaa zaidi, kwa kuwa kanuni hii kavu inabeba historia nzito.

Chukua Jitney ya August Wilson. Neno hilo kwa Pittsburgh lina maana ileile ya teksi bubu kwetu: gari la mtu binafsi linalobeba abiria bila leseni, kwa sababu teksi rasmi zinakataa kuingia mtaa wa weusi. Wilson aliiandika mwaka 1979, ikaonyeshwa Pittsburgh mwaka 1982. Ikawa mojawapo ya tamthilia zake kumi, kila moja kwa muongo mmoja wa karne ya 20, na tisa kati ya hizo zikafika Broadway. Jitney peke yake ikabaki nje. Wilson alifariki 2005. Ikafika Broadway Januari 2017, ikiongozwa na Ruben Santiago-Hudson, na Juni mwaka huo ikapewa tuzo ya tamthilia bora iliyorudishwa. Imerudishwa kutoka wapi, ilhali haijawahi kuwa pale?

A Soldier's Play ya Charles Fuller ni vilevile. Kampuni ya Negro Ensemble iliicheza mwaka 1981 katika ukumbi mdogo nje ya Broadway, mwaka uliofuata Fuller akapewa Tuzo ya Pulitzer, na bado hakuna mwenye ukumbi mkubwa aliyeichukua. Ilingoja hadi Januari 2020. Korona ikafunga kumbi zote Machi, sherehe za Tony zikaahirishwa hadi Septemba 2021, na huko tamthilia ya miaka 40 ikatangazwa mshindi miongoni mwa zilizorudishwa. The Boys in the Band ya Mart Crowley ilikuwa imetoka mwaka 1968 katika ukumbi mdogo, ikafika Broadway 2018 na kushinda 2019. The Normal Heart ya Larry Kramer, kilio cha mwaka 1985 kuhusu UKIMWI na serikali zilizokaa kimya, ilishinda mwaka 2011 ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza Broadway.

Ukizipanga hizi pamoja unaona kinachotokea. Tuzo inayodaiwa kuwa ya kumbukumbu imegeuka kuwa mahali ambapo Broadway inalipa madeni. Zilizokataliwa zamani kwa sababu waandishi wake walikuwa weusi, au kwa sababu zilisema wazi mambo ya mashoga, zinaingia leo kwa mlango wa wazee na kupewa heshima. Nalipenda hilo, na pia linanihuzunisha. Deni likilipwa baada ya miaka 38 kwa mtu aliyekwisha kufariki, risiti anapokea nani?

Lakini kanuni hiyohiyo inavutika kupita kiasi. Appropriate ya Branden Jacobs-Jenkins ilichezwa New York nje ya Broadway mwaka 2014. Ilipofika Broadway Desemba 2023 ilihesabiwa kuwa ya kurudishwa, ikashinda 2024, na Sarah Paulson akashinda kwa uigizaji. Mwaka uliofuata ikashinda Eureka Day ya Jonathan Spector, kuhusu wazazi na mkuu wa shule moja ya Berkeley, California, wanaogombana juu ya chanjo. Hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza 2018. Miaka saba! Mtunzi yuko hai na kazi bado ina joto la jikoni, ila kwa kuwa imezunguka katika miji mingine, inaketishwa meza moja na Romeo na Juliet. Hasara yake ni ya wazi: mtunzi anapoteza nafasi ya kuwania tuzo ya Tamthilia Bora. Jacobs-Jenkins alikuwa na bahati kwamba mwaka 2025 alikuwa na tamthilia nyingine, Purpose, iliyokuwa mpya kabisa. Akashinda Tamthilia Bora. Si kila mtunzi ana kazi ya pili mkononi.

Kipengele chenyewe hakikuwepo tangu mwanzo. Kilianzishwa mwaka 1977 kwa jina lililosisitiza ubunifu wa onyesho lililorudishwa, na mshindi wa kwanza akawa Porgy and Bess. Tamthilia za maneno na zile za muziki zilichanganywa katika kapu moja, jambo lililokuwa na ugumu wake, kwa sababu ni vigumu kumpima mtu anayekufa kimya jukwaani dhidi ya wachezaji 30 na bendi. Kuanzia 1990 hadi 1992 mfululizo washindi walikuwa wa muziki: Gypsy, Fiddler on the Roof, Guys and Dolls. Mwaka 1994 kapu likagawanywa mara mbili.

Aliyefungua ukurasa huo kwa upande wa tamthilia ni An Inspector Calls ya J. B. Priestley, na ndiye mfano ninaoutumia kila nikieleza sababu ya kurudi. Ilionyeshwa mara ya kwanza Umoja wa Kisovieti mwaka 1945, kisha Uingereza ikaizoea kama kisa cha upelelezi cha sebuleni: familia tajiri iko mezani, mpelelezi anabisha hodi, msichana maskini amekufa, nani alaumiwe. Stephen Daldry alipoichukua katika National Theatre ya London mwaka 1992, aliitoa sebuleni. Yeye na mbunifu Ian MacNeil waliijenga nyumba ya matajiri kama kibanda kidogo kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya mtaa wa mawe wenye mvua, na watu wa kawaida wakisimama nje wakitazama. Nyumba ikaporomoka. Maneno ya Priestley hayakubadilika, ila sasa mtazamaji alikuwa amesimama kwenye mvua upande wa msichana. Ikashinda London, ikashinda New York tuzo nne.

Vivyo hivyo kwa A View from the Bridge ya Arthur Miller. Ilipotoka mwaka 1955 Broadway haikuichangamkia, Miller akaiandika upya na kuirefusha kwa ajili ya London mwaka uliofuata. Mbelgiji Ivo van Hove akaivua kila kitu katika ukumbi wa Young Vic, London, mwaka 2014: hakuna fanicha, hakuna viatu, mwishoni mvua ya damu. Olivier ikashinda 2015, Tony ikashinda 2016. Tamthilia hiyo ilikuwa imekwisha kushinda Tony ya kurudishwa mwaka 1998 kwa sura nyingine kabisa.

Isije ikaeleweka kwamba dawa ni kuvunja na kubomoa. Death of a Salesman, ya Miller huyohuyo, inakataa kanuni hiyo. Ilishinda Tamthilia Bora mwaka 1949, kisha ikashinda tuzo ya kurudishwa mara tatu, 1984, 1999 na 2012. Mara ya tatu mwongozaji Mike Nichols alifanya kinyume na van Hove: alirudisha jukwaa lilelile alilobuni Jo Mielziner mwaka 1949, na muziki uleule wa Alex North. Sababu ya kurudi ilikuwa ndani ya Willy Loman, mchuuzi aliye kiini cha tamthilia, kama alivyochezwa na Philip Seymour Hoffman, na katika wakati wenyewe, nchi iliyokuwa ikijikokota kutoka kwenye msukosuko wa uchumi wa 2008, watu wakiwa wamepoteza nyumba zao. Uzee wa jukwaa ukawa hoja.

Na ilipokuja tena 2022, Wendell Pierce na Sharon D Clarke wakiwa Willy na mkewe Linda, familia ya Loman ikiwa nyeusi kwa mara ya kwanza Broadway, Pierce aliteuliwa lakini tamthilia haikuteuliwa. Hilo liliniuma. Pale Willy anapofukuzwa kazi na kijana mweupe anayeweza kuwa mwanawe, kila neno la Miller lilipata uzito ambao halikuwa nao. Kama kuna onyesho lililojua kwa nini limerudi, ni lile. Wateuzi waliona vingine, na mwaka huo ushindani ulikuwa mkali: walioteuliwa ni Topdog/Underdog, The Piano Lesson, A Doll's House na The Sign in Sidney Brustein's Window. (Kwa waliodhani kutoteuliwa ni aibu ya milele: Dustin Hoffman hakuteuliwa kwa Willy Loman wake wa 1984, na bado mpaka leo ndiye Willy wanayemkumbuka wengi.)

Fedha na kalenda

Tazama washindi wa karibuni wametokea nyumba gani. Jitney na Eureka Day zililetwa na Manhattan Theatre Club. A Soldier's Play ililetwa na Roundabout. Take Me Out, mshindi wa 2022, na Appropriate zililetwa na Second Stage, tena katika ukumbi wa Hayes, mdogo kuliko wote Broadway, viti visivyofika 600. Zote tatu ni taasisi zisizogawana faida. Zina watazamaji waliolipia msimu mzima kabla hawajajua wataona nini, zina wafadhili, na zinaweza kuchagua tamthilia kwa sababu inastahili, bila kusubiri nyota wa Hollywood akubali.

Mtayarishaji wa kibiashara yuko katika hali nyingine. Anakusanya mamilioni ya dola za wawekezaji na lazima azirudishe ndani ya wiki 14 au 16, kwa kuwa huyo nyota ana filamu inayomngoja. Kwa hiyo anaanza na jina la mwigizaji, kisha anatafuta tamthilia inayomfaa. Swali la kwa nini tamthilia hii irudi sasa linajibiwa kabla halijaulizwa: imerudi kwa sababu fulani anapatikana. Wakati mwingine hilo linazaa dhahabu, kama Fences ya 2010. Wakati mwingine ukumbi unajaa na wateuzi wanapita, kama Othello. Msimu huo wa 2025, Glengarry Glen Ross ya David Mamet ilirudi na Kieran Culkin na Bob Odenkirk, tiketi zikauzwa kwa wingi, na uteuzi uliopatikana ni mmoja tu, wa Odenkirk. Tamthilia hiyohiyo ilikuwa imeshinda tuzo ya kurudishwa mwaka 2005.

Kalenda nayo ina ukatili wake. Sherehe hufanyika Juni, na tamthilia nyingi zinazorudishwa huwa zimekwisha funga. Jitney ilifunga Machi 2017, miezi mitatu kabla ya kushinda. Topdog/Underdog ilifunga Januari 2023 na kushinda Juni. Journey's End, tamthilia ya R. C. Sherriff kuhusu wanajeshi wa Kiingereza katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ilirudi Broadway 2007, ikasifiwa na kila mhakiki, viti vikabaki vitupu. Onyesho la mwisho lilifanyika mchana wa tarehe 10 Juni. Usiku wa siku hiyohiyo ikatangazwa mshindi. Waigizaji walikuwa wamekwisha vua sare. Kwa tamthilia ya muziki, Tony huongeza foleni ya tiketi kesho yake asubuhi. Kwa tamthilia iliyorudishwa, mara nyingi inakuwa shada juu ya kaburi. Take Me Out ni mojawapo ya chache zilizopata njia: baada ya kushinda Juni 2022, ilirudi tena Oktoba.

Bahati ya tamthilia inaweza pia kugeuka kabisa kadiri miaka inavyokwenda. Morning's at Seven ya Paul Osborn ilianguka vibaya mwaka 1939, ikachezwa mara 44 tu na kusahauliwa. Iliporudishwa 1980 ilitwaa Tony na kuchezwa mara 564. Maneno yaleyale.

A Raisin in the Sun ndiyo inayonigusa zaidi, nayo inaturudisha Barrymore. Hansberry alikuwa na miaka 28 tamthilia yake ilipofunguliwa katika ukumbi huo Machi 1959, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na tamthilia Broadway, ikiongozwa na Lloyd Richards, naye mweusi. Ni habari ya familia ya Younger ya Chicago inayosubiri hundi ya bima ya dola 10,000 ya marehemu baba. Ndani yake yumo Joseph Asagai, mwanafunzi Myoruba kutoka Nigeria, anayebishana na Beneatha, binti wa familia hiyo, juu ya uhuru wa Afrika, wakati Nigeria ilikuwa bado mwaka mmoja na Tanganyika miaka miwili. Ilichezwa mara 530. Iliteuliwa kuwania Tony nne, haikupata hata moja.

Hansberry alifariki Januari 1965 akiwa na miaka 34. Mwaka 2004 tamthilia iliporudi, Phylicia Rashad akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tony ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia. Mwaka 2014 ikarudi Barrymore, ukumbi uleule ilikozaliwa, ikashinda. Ukijumlisha, tuzo zote za Tony za tamthilia hii zimekuja baada ya mtunzi wake kufariki.

Kuna mpaka mmoja wa mwisho, na ndio unaotukaribia sisi. Mtunzi akichukua tamthilia ya zamani na kuiandika upya kwa maneno yake, kazi hiyo ni mpya. Fat Ham ya James Ijames ni Hamlet aliyehamishiwa kwenye karamu ya nyama choma ya familia nyeusi kusini mwa Marekani. Mwaka 2023 iliwania Tamthilia Bora. Iliongozwa na Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi, ambaye naye aliteuliwa kwa uongozaji.

Agosti 2025, miezi michache baada ya Othello kuachwa nje, Saheem Ali alifungua upya jukwaa la wazi la Delacorte katika bustani ya Central Park, lililokuwa limefungwa kwa matengenezo, kwa tamthilia ya Shakespeare iitwayo Twelfth Night. Lupita Nyong'o alikuwa Viola. Junior Nyong'o, mdogo wake wa damu, alikuwa Sebastian, pacha anayedhaniwa amezama baharini. Mapacha hao wa Shakespeare wanatupwa ufukweni katika nchi wasiyoijua, na Ali akawapa lugha ya kwao: Kiswahili. Shakespeare aliyewahi kupita katika kalamu ya Mwalimu Nyerere, kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, safari hii alisikika kwa Kiswahili katikati ya Manhattan, na kila mtazamaji asiyeijua lugha hiyo akahisi kwa dakika chache jinsi inavyokuwa kuwa mgeni.

Sababu ya kurudi haikuhitaji kuelezwa na mtu. Delacorte haimo katika zile kumbi 41, kwa hiyo hapakuwa na mteuzi aliyetumwa kuliandikia alama. Tiketi zilikuwa bure, na watu walizipangia foleni bustanini.